Mraba wa Maharage ya Bugendana

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba yenye mafundo, vigingi vinne vya chuma, mzani wa kuning'iniza na karatasi moja iliyojaa namba. Mkurugenzi wa ofisi yetu ya takwimu za kilimo pale Gitega hakuniambia karibu wala pole na safari. Alisimama mlangoni, miwani kaipandisha kwenye kipara, akanitazama miguu.

"We iko na viatu ya mjini," akasema. "Bon. Kesho utaleta ingine."

Sikuwa msichana tena. Nilikulia Tanzania, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, nikarudi Burundi na watoto wawili na godoro moja, tukapanga chumba Magarama nyuma ya duka la sabuni na chumvi. Ofisi ilitaka watu wenye mwandiko safi na magoti mazima. Vyote nilikuwa navyo, tena na mdomo juu, maana mimi sijawahi kunyamazishwa kirahisi. Ndiyo maana haya nitakayoyasema yananishangaza mpaka leo, kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu aliweza kukaa kimya muda wote ule.

Nawaelezea kazi yenyewe, nyie mnaotembea na tableti mkadhani dunia ilianza na chaji. Kujua mkoa umevuna kiasi gani, huwezi kupima kila shamba. Unachukua mashamba machache kwa kila kilima, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na hayo ndiyo sampuli. Kwenye kila shamba unatega mraba, yaani unasimika vigingi vinne na kuvizungushia kamba, mita tano kila upande. Unavuna kilichomo ndani tu, unapura, unapima. Ukishapata wastani wa miraba yote, unajua hekta moja ya mkoa ule inatoa nini. Namba hiyo inaingia kwenye jedwali la kulinganisha mikoa. Nchi yetu si ya shirikisho kama zile ambazo kila jimbo lina serikali yake na hazina yake, lakini siku jedwali linapotoka ungedhani ni ligi ya mpira. Nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani kaporomoka. Na mkoa wa mwisho ndio uliokuwa ukipelekewa mbegu na mbolea ya msaada.

Sasa ile karatasi ya namba. Mkurugenzi alinieleza mara moja tu, kwa haraka. Unasimama kwenye kona ya shamba, unasoma namba ya kwanza, unahesabu hatua hizo kwa urefu. Unasoma ya pili, unahesabu kwa upana. Pale mguu unapoishia ndipo unaposimika kigingi.

"Hata kama iko mawe?" nikamuuliza.

"Hata kama iko mawe. Hata kama iko kichuguu. We hauchague. Karatasi ndiyo inachagua."

Nikasema nimeelewa. Wallahi, nilikuwa nimeelewa.

Shamba langu la kwanza lilikuwa Bugendana, kwa mama mmoja anaitwa Yozefina. Nilitembea tangu alfajiri nikafika jua likiwa tayari linauma shingo. Naye alikuwa mrudi kama mimi, alitoka Tanzania miaka miwili kabla yangu, na alipobaini Kiswahili changu alipiga kigelegele peke yake uani. Alinipa kigoda chake, yeye akakaa chini. Akanipa maharage na ndizi kabla sijasema nimefuata nini. Mtu aliyewahi kuishi ugenini anajua kile kigoda kina maana gani. Nilikula nikijizuia kulia.

Kisha nikafungua karatasi. Namba zikanipeleka mbali na nyumba, chini kabisa kwenye mteremko, mahali udongo umeoshwa na mvua ukabaki changarawe. Maharage pale yalikuwa mafupi, ya manjano, maganda mawili matatu kwenye shina. Nikasimika kigingi cha kwanza. Nilipogeuka nikamwona Yozefina kajishika kiuno, uso umembadilika.

"Mwanangu, umekuja kunicheka?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu wa kazi."

"Utaratibu gani wa kumpeleka mgeni jalalani? Nyuma ya nyumba nina maharage ya mbolea ya ng'ombe, marefu mpaka kiunoni, wewe unakuja kuandika haya? Serikali itasoma kwamba Yozefina ni mvivu! Kigoda kizuri kipo, nikukalishe kwenye kibovu?"

Alikuwa ameshang'oa kigingi. Akakipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, akakisimika katikati ya maharage yaliyonona, akapangusa mikono, akatabasamu. Nami nikaviringisha kamba nikamfuata. Nilijiambia shamba ni lake, anajua zaidi yangu. Nilijiambia pia ni shamba la kwanza tu, jamani, moja tu.

Basi likawa moja, likawa kumi, likawa kilima kizima, kisha vilima vyote vya zamu yangu mpaka Ryansoro. Kwetu mgeni haonyeshwi pabaya. Kila nilipobisha hodi, mwenye nyumba alitangulia, mkono umenyooka, kuelekea shamba la nyuma ya nyumba linalokula samadi na majivu na maganda ya jikoni. Karatasi ya namba niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa ndani, ikalowa jasho mpaka wino ukapotea. Sikumdanganya mtu namba hata moja. Mzani wangu ulikuwa sahihi, hesabu zangu zilikuwa sahihi, mwandiko wangu ulisifiwa. Wenzangu wa Gitega nao, nilikuja kujua, walikuwa wanaonyeshwa vilevile na kufuata vilevile. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Jedwali la msimu ule lilipotoka, Gitega ilikuwa juu kabisa kwa maharage. Muyinga ilikuwa chini kabisa. Mkurugenzi alilibandika ukutani akalitazama muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuja kutupa mkono wa pongezi. Siku hiyo tulikula mishikaki ya mbuzi ofisini.

"Konsolata," Mkurugenzi akaniambia mbele ya wote, "we unafanya kazi ya propre, safi. Muyinga kule wanashindwa. Nakutuma uende uwafundishe. Utakuwa mkaguzi."

Mkaguzi! Mimi niliyekuja na godoro. Nilitembea mpaka Magarama miguu haigusi chini, nikawaambia wanangu mama yenu ni mkaguzi sasa, tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Muyinga nilipokelewa na Hadija, msimamizi wa wapimaji wa kule. Ni mtoto wa mjini, baba yake fundi cherehani, kitambaa kichwani kimefungwa barabara, karatasi yake ya namba kaitia ndani ya plastiki isilowe. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno. Nilimwambia nimekuja kuona mnafanyaje, akasema twende.

Shamba tulilokwenda lilikuwa la mzee mmoja mpole. Alitutangulia, mkono umenyooka kama kawaida, anasema huku, huku, madamu, huku ndiko kuzuri. Hadija hakumfuata. Alisimama kwenye kona, akasoma, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Akaishia chini ya mikaratusi ya jirani, kwenye kivuli, mahali maharage yamenyauka kama tumbaku. Akapiga kigingi.

"Madamu, tafadhali," yule mzee akasema. "Pale hapana. Pale hata mbuzi hapataki."

"Naona, mzee. Lakini karatasi inasema hapa."

Mzee akavua kofia akageuka kutazama upande mwingine mpaka tulipomaliza kupima. Hasira zilinipanda. Huyu mwanamke hana adabu, nikasema moyoni, mtu anaaibishwa nyumbani kwake na yeye anakodolea mzani. Njiani nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza.

"Mi nayo inaniuma," Hadija akasema. "Kila siku inaniuma. Watu ya huku wananiita roho mbaya. Kwani nyie kule munafanyaka aje, wakilalamika?"

"Tunapima pale wanapotuonyesha."

Akasimama katikati ya barabara. Baiskeli yenye mzigo wa mkaa ikatupigia kengele, hakusogea.

"Wapi?"

"Pale wanapotuonyesha. Nyuma ya nyumba."

"Yote?"

Nikaanza kuyahesabu mashamba yangu moyoni, moja moja. Lo! Nakumbuka mpaka rangi ya vumbi la pale nilipokuwa nimesimama. Yalinijia yote kwa mpigo mmoja: mteremko wa Yozefina, changarawe, kigingi alichong'oa, kilima baada ya kilima, lile jedwali ukutani. Gitega haikuwa imevuna kuliko Muyinga. Tulikuwa tumelinganisha bustani za nyuma ya nyumba za Gitega na mashamba mazima ya Muyinga. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, mimi mkaguzi, na nguo zangu nzuri.

"Mbegu," nikasema. "Hadija, mbegu ya msaada imekwenda wapi?"

"Imekuja huku. Malori mawili, wiki iliyopita." Akakaa kando yangu. "Usinitazame hivyo. Hata huku watu wana njaa. Mi sikudanganya."

Kweli hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi, na sikuwa nimesema uongo hata mara moja.

Nilirudi Gitega kesho yake, nikapanda Bugendana kabla hata sijapitia ofisini. Nilitaka nikute nimejitisha bure. Nilimkuta Yozefina amekaa uani, hana kazi mkononi, jambo ambalo kwake sikulitarajia. Alinipa kigoda. Akanisimulia bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Shefu wa kilima, kiongozi wao pale, alikuwa amewaahidi kwamba mbegu ya msaada inakuja, kama misimu iliyotangulia, kwa hiyo walikula ile ya akiba kipindi cha ukata. Mbegu haikuja. Wakaambiwa Gitega imevuna vizuri, haihitaji. Alikuwa na wajukuu wanne ndani. Akauza shamba.

"Shamba lipi, mama?"

"La nyuma ya nyumba. Hilo la chini nani angelinunua?"

Nikageuka nikaangalia. Kulikuwa tayari na ua wa miti mibichi, na ng'ombe wa mtu mwingine amefungwa humo. Mungu wangu! Mdomo ulikuwa hapa, maneno yalikuwa hapa, na yeye alikuwa ananitazama kwa upole akisubiri niseme kitu.

"Pole, mama," nikasema. "Ni mvua."

"Ni mvua, mwanangu," akasema.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi nikamweleza kila kitu. Nilidhani atanifukuza, nilikuwa hata nimeshajiandaa. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Uso wake ulikuwa umepauka. Aliniuliza jambo moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hadija wa Muyinga."

"Donc tuko watatu." Akalitazama jedwali ukutani. "Jedwali imekwisha kusainiwa, Konsolata. Imekwisha kusomwa na wakubwa. Mi siwezi kuirudisha. Msimu unaokuja mtapima vizuri, wote, na karatasi. Mi mwenyewe nitatembea nyuma yenu."

Alitimiza. Nitamtetea kwa hilo. Msimu uliofuata alitembea nyuma yetu, na viatu vyake vya mjini, vilima na mabonde, akihesabu hatua kwa sauti. Watu walituchukia. Bibi mmoja wa Ryansoro alitumwagia maji ya kuoshea vyombo. Tulipima mawe, tulipima vivuli, tulipima vichuguu, na namba ya Gitega ikaanguka, ikawa sawa na ya Muyinga, kidogo tu chini yake. Mikoa miwili iliyokuwa kileleni na mkiani ilikuwa kumbe pacha katika shida. Nikajua sasa ukweli umetoka, lazima mtu atauliza kulikoni.

Basi sikilizeni walichoandika makao makuu pembeni mwa namba yetu. Waliandika: mvua haba. Mvua ileile, mashamba yaleyale, watu walewale, kilichobadilika ni mahali pa kigingi tu, na wakubwa wakaandika mvua haba. Nilisoma mstari ule mara tatu nimesimama. Mkurugenzi naye aliusoma, akasema "bon," akaondoka kwenda kula. Lakini mbegu ilikuja, maana sasa wa mwisho tulikuwa sisi, na Bugendana wakapanda, nami nikajifariji kwamba kosa limerekebishwa. Ua wa nyuma ya nyumba ya Yozefina ulikuwa umeshaota mizizi.

Mengine ya kazi yangu ni marefu na hayana ajabu. Nilirudishwa Muyinga nikakaa miaka kadhaa na Hadija, akanifunza kuvumilia kuitwa roho mbaya, nami nikamfunza kupika dagaa wa Kigoma. Nilihama nikarudi Gitega kama msimamizi. Mkurugenzi alistaafu akaja mwingine, mpenda kompyuta. Kamba ikabadilishwa na simu inayopiga picha, karatasi ya namba ikabadilishwa na kidoti kinachowaka kwenye kioo. Siku hizi hata mikoa imeunganishwa, Muyinga niliyoikagua si mkoa tena kwenye makaratasi, na yale majedwali yetu hayana tena wa kulinganishwa. Wapya niliwafundisha jambo moja kabla ya yote, kwamba atakayekuharibia kazi si adui bali mtu anayekupenda, anayekutangulia na mkono umenyooka. Walikuwa wanaandika. Sikuwaambia nimelijuaje.

Kila mwaka nilikwenda kwa Yozefina baada ya mavuno. Nilimpelekea sukari, chumvi, kitenge mara moja. Alinipikia maharage ya lile shamba la changarawe, machache, magumu, nami niliyamaliza yote sahanini kila mara. Wajukuu walikua mbele yangu. Mmoja alishindwa kuendelea na shule, akaenda kulima kwa vibarua, na mwenye kumpa kibarua alikuwa yule aliyenunua shamba. Nikala, nikashukuru, nikarudi Magarama.

Nilistaafu mwaka huu. Walinipa saa ya ukutani na soda, wakasifu mwandiko wangu. Nyumbani nilikaa wiki mbili nikisikiliza saa hiyo, kisha asubuhi moja nikavaa viatu vya shamba nikapanda Bugendana mikono mitupu.

Yozefina amezeeka, haoni vizuri, lakini alinitambua kwa hatua. Nilikataa kigoda. Nilimwambia nikiwa nimesimama: kigingi, karatasi, nyuma ya nyumba, jedwali, malori yaliyokwenda Muyinga. Nilimwambia haikuwa mvua.

 Kuku wakaja wakaondoka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyejinyima mbegu," akasema. "Kwa mkono wangu."

"Hapana, mama! Wewe ulinionyesha. Mimi ndiye niliyelipwa kukataa."

"Ulijua lini?"

"Msimu uleule."

"Siku ile uliyokuja, nikakwambia nimeuza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alishtuka. Nilimwona akishtuka, mkono ukaenda kifuani, mdomo ukabaki wazi, mama wa watu ambaye hata siku ya kuuza shamba hakupaza sauti. Akaanza kulia, nami nikalia, tukalia kila mtu upande wake wa ua. Sikumgusa. Sikuwa na haki hiyo.

Alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Ulipima kwangu tu?"

"Hapana. Kilima chote."

"Wao wanajua?"

"Hawajui."

Akapapasa ukutani akaichukua fimbo yake. "Basi twende. Utasema mwenyewe, mimi nitakaa kando. Na usiwaambie ni mvua."

Tulianza nyumba ya juu yake. Mwenye nyumba ni mwanamume wa makamo. Msimu ule wa kukosa mbegu aliwapeleka watoto kwa ndugu, mmoja hakurudi nyumbani tena, aliolewa hukohuko akiwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho ameegemea jembe. Yozefina alikuwa kando yangu, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Sikuacha kitu, nilisema yote kwa mpangilio, kama ripoti, maana sijui kusema kwa namna nyingine.

Yule mwanamume hakutukana. Aliniuliza swali moja.

"Kwa kazi ile, walikupandisha cheo?"

Nikasema ndiyo.